Mrija Nilioutundika Walikale

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaoniita babu kwa sababu ya mvi zangu tu,

Jumapili iliyopita mlinizunguka mlangoni mwa kanisa pamoja na yule mwenzenu anayetaka kuacha pombe, mkaniuliza: "Babu, weye ulibapataka wapi bale batu ba kukuachisha pombe?" Nikawajibu kwamba niliwapata barabarani, mkacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na kwa kuwa goti langu halikubali tena kusimama nikihadithia, nimeona nikae niwaandikie.

Nilikuwa mlinzi wa bariere ya mvua. Kazi hiyo hamkuikuta. Siku hizi kila dereva anaingia topeni kwa kiburi chake na anatoka kwa kusukumwa na akina mama waliokuwa wakienda shambani. Miaka ile, baada ya vita ya wazungu kwisha, barabara ya kutoka Masisi kushuka Walikale ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha ilifungwa. Mti mrefu ulilazwa kuikata barabara, na mimi nilikaa kando yake, chini kidogo ya Nyabiondo, ndani ya kibanda cha majani, nikiwa na kofia ya serikali na sauti kubwa. Kamyo za mizigo zikifika, zilingoja. Saa mbili, saa sita, wakati mwingine kutwa. Hata padri alingoja, na alijua kununa kuliko mashofere.

Watu walidhani kazi yangu ni kuinua mti na kuulaza. Kazi yangu ilikuwa kuujua udongo. Jua likitoka baada ya mvua, uso wa barabara unakauka upesi na kung'aa vizuri, lakini chini bado ni uji. Kwa hiyo unakanyaga kwa kisigino pale gurudumu linapopita, unachota udongo kutoka ndani ya lile shimo la kisigino, unauviringisha kati ya viganja. Ukitoka kamba ndefu isiyokatika, usifungue. Ukikatika, fungua. Nilifundishwa na kapita, msimamizi wangu wa kwanza, mtu mkali aliyenizaba kofi la mgongo kila nilipokosea, na namshukuru hadi leo kwa kila kofi. Wekeni hilo kichwani, tutalihitaji.

Sasa, kama mnataka mtu alewe, mpeni kazi ya bariere. Kamyo kumi zimesimama, mashofere hawana la kufanya, na akina mama wa milimani wanashuka na mitungi ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi na mtama. Kila mwanaume alikuwa na mrija wake. Wangu ulikuwa wa tete, mrefu kama mkono, na nchani nilisuka kichujio cha nyasi ili makapi ya mtama yasinipande mdomoni. Niliubeba shingoni ndani ya ala ya mwanzi. Mtungi ulikuwa mmoja, mirija mingi, na watu vichwa pamoja. Aliyekaribishwa akakataa alikuwa kama anasema mbele ya watu: mmeniwekea sumu. Kwa hiyo tulikunywa mtoto akizaliwa, tulikunywa mtu akizikwa, tulikunywa tukigombana na tukipatana. Mimi nilikunywa kwa hayo yote, na katikati yake nilikunywa kwa sababu ya mvua. Na Masisi, kama mnavyojua, mvua haina likizo.

Nitawaambia jambo baya sasa, nimalize nalo mapema.

Siku moja mchana jua lilitoka baada ya mvua kubwa. Shofere mmoja alikuwa na haraka, akaninunulia mtungi mzima ili nifungue. Juu ya kamyo yake, kwenye magunia ya maharage, alikaa mke wangu Vumilia, akirudi kutoka soko la Nyabiondo na mtoto wetu Neema mgongoni. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya bariere, chini ya mteremko. Aliniinamia kutoka kule juu akauliza: "Papa Neema, barabara imekauka?"

Mrija ulikuwa mdomoni. Sikuutoa hata. Nilisema "Imekauka" kwa pembe ya mdomo, nikainua mti. Kisigino changu hakikugusa udongo.

Kamyo iliteleza kwenye kona ya kwanza, ikalala ubavu. Mtoto hakupata hata mchubuko, kwa sababu mama yake alianguka akiwa ameukinga mgongo, akaangukia mkono wa kuume. Mkono ulivunjika chini ya kiwiko. Muganga wa dispansari aliufunga, nao ukaungana vibaya, haukunyooka tena. Muzungu mkuu wa barabara aliponiuliza, nilisema jua lilinidanganya, akaniamini, nikabaki na kofia yangu. Vumilia hakuniuliza kitu. Alipotoka dispansari hakushuka nyumbani, alipanda kwa baba yake, milimani juu ya Masisi, na mtoto.

Mtadhani niliacha pombe siku ile. Hapana. Nilikunywa zaidi, sasa nikiwa na sababu nzuri.

Aliyenitoa hapo ni shofere anayeitwa Pascal. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache, akibeba mbao kutoka msituni. Mvua ilimfungia kwangu asubuhi moja. Nikamsogezea nafasi kwenye mtungi, nikamwambia akaribie.

"Aksanti, Papa. Mimi niliachaka."

"Unaogopa sumu?"

"Sumu haiko. Ile kitu yenyewe njo sumu, kwangu mimi." Akatoa hindi la kuchoma, akaanza kulipukuchua punje moja moja. "Tuko batu sita ku Walikale. Kila Jumamosi, siku ya posho, kisha kazi, tunakutana mu atelie ya Papa Bulambo, fundi wa mbao. Tunaongea, tunasikilizana, tunarudia ku nyumba."

"Munaongea nini?"

"Weye utaongea ya mukono ya bibi yako," akasema, bila kuniangalia.

Nilikasirika mno! Nilitaka kumpiga. Habari hiyo ilikuwa imeshafika hadi Walikale, kumbe, imepita kwenye bariere yangu mwenyewe juu ya kamyo bila mimi kuizuia. Mvua ilipokwisha nikamchelewesha saa nzima bila sababu, kwa uchungu tu. Akangoja. Alipopita alisema, "Nitapita tena kisha posho mbili. Nafasi iko mbele, pembeni yangu." Na baada ya wiki mbili nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimeoga, natetemeka, na mrija wangu shingoni. Sijui kwa nini nilienda. Nadhani nilikuwa nimechoka kuwa mimi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia: msingoje kumtafuta mtu wa namna hii kwa kuuliza vikundi viko wapi. Mwangalieni yule anayekataa mtungi bila kelele na bila kuwahubiria wengine. Mfuateni huyo.

Atelie ya Papa Bulambo ilikuwa nyuma ya soko la Walikale, chini ya bati, na harufu ya mbao mbichi. Hakukuwa na mwenyekiti wala muhuri. Tulikaa juu ya mbao zilizopangwa, na katikati kulikuwa na kikapu cha maharage makavu ya kumenya, maana Papa Bulambo alisema mkono uliozoea mrija haujui kukaa bure. Kila mmoja alimenya na kusema juma lake lilikwendaje. Anayesema hakatizwi. Asiyetaka kusema anamenya tu. Siku ya kwanza nilimenya kikapu karibu chote.

Ukutani, juu ya misumari, kulikuwa na mirija. Papa Bulambo, mzee mfupi mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi, akanyoosha mkono. "Leta ya kwako. Tunaitundika hapa. Hatuivunje, hatuifungie. Siku utaitaka, utakuja uiombe mbele ya bote, na tutakupatia. Muntu hatakukatalia."

"Basi, nikiomba kesho?"

"Kesho utaikamata. Ila utatembea mpaka hapa."

Wajukuu, kutoka bariere yangu mpaka Walikale kwa kamyo ilikuwa kutwa nzima, barabara ikiwa nzuri. Niliutundika mrija nikiwaza kwamba huyu mzee ni mjanja sana.

Sasa kosa langu la pili, ambalo mpaka leo linanichekesha na kuniaibisha. Mkutano wangu wa tatu, ilikuwa zamu yangu kuleta kinywaji. Tulikunywa mutobe, maji ya ndizi mbivu yakiwa bado matamu, siku ileile yanapokamuliwa, kabla hayajawa kitu kingine. Nilikamua vizuri kabisa. Kisha nikayatia ndani ya kibuyu changu kikubwa, ambacho miaka yote kilikaa na kasiksi. Nilikiosha! Nilikiosha mara tatu kwa maji ya moto. Halafu mvua ikanyesha, na kwa kuwa mimi ni mlinzi wa bariere, nilijifungia mwenyewe. Kamyo ya Pascal ilisimama mbele ya mti wangu hadi kesho yake asubuhi, na kibuyu kiko juani, kinatoa povu kidogo shingoni. Nikalifuta povu kwa kidole, tukaondoka.

Tulipofika, walinipokea kibuyu kwa sifa. Nikamimina. Funda la kwanza lilipofika ulimini nilijua. Ulimi wangu ulikuwa na shule ya miaka ishirini, haungeweza kudanganywa. Ilikuwa imechacha. Si sana, lakini imechacha. Nikaangalia huku na huku. Hakuna aliyesema kitu. Nikamaliza kikombe, nikajiongezea cha pili.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Riziki. Alikuwa mjane, na kabla ya kuacha alikuwa mpishi wa pombe mwenye jina kuanzia Walikale hadi mtoni. Alikuwa amechelewa. Akakaa, akashika kikombe, akakileta puani, akakirudisha chini polepole.

"Nani alikamula hii?"

"Mimi, Mama."

"Mu kibuyu gani?"

Nikaonyesha. Akakipiga kwa ukucha, akasikiliza. "Kibuyu ya kasiksi iko kasiksi mpaka kufa. Unaosha, unachoma, inangoja tu utie kitu. Bandugu, mutie vikombe chini. Hii iko pombe."

Watu waliotoka mbali kuja kuacha pombe, wamekaa wananyweshwa pombe na mgeni. Kisha Pascal, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, akaanza kucheka. Papa Bulambo akacheka hadi vumbi likamtoka kwenye nyusi. Wote wakacheka, wakanipiga mabegani, kosa la mgeni, limekwisha. Kibuyu kikamwagwa nje.

Mimi sikucheka. Nilikaa na kikapu cha maharage, nikasema, "Nilijuaka. Tangu funda ya kwanza. Njo maana niliongezaka ya pili." Na baada ya kulitoa hilo, mengine yote yalitoka yenyewe: mtungi wa shofere, mrija mdomoni, neno "imekauka", uongo kwa muzungu. Sikuwahi kuyasema kwa mtu. Nililia mbele ya watu wazima na maharage mikononi.

Hakuna aliyenikemea. Hakuna aliyeniambia pole. Mama Riziki akasogeza kikapu karibu nami, na Papa Bulambo akasema, "Sasa umefika." Nilikuwa nimefika mara tatu kwa kamyo, lakini nilielewa.

Hao watu nawashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Mtu anaweza kukusamehe bila kukusikiliza, na haisaidii sana. Wao walinisikiliza kwanza.

Niliendelea hivyo mwaka na kitu, kila Jumamosi ya pili, mwenzangu wa zamu akinishikia bariere. Kisha nikatuma ujumbe kwa baba mkwe kwamba nataka kuja kumchukua mke wangu. Jibu lilikuja kama ilivyo desturi: lete mtungi wa kasiksi, uonje wewe kwanza mbele ya ukoo, kisha tunywe wote, mrija wako na wangu ndani ya mtungi mmoja. Bila hiyo hakuna upatanisho. Na alikuwa na haki. Hata mimi ningedai hivyo kwa ajili ya binti yangu.

Ndiyo sababu Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya wote nikasema, "Ninaomba murija yangu."

Pascal aliacha kumenya. Nikaeleza: ni funda moja tu, la kuonja, kwa ajili ya Vumilia. Papa Bulambo hakujadili. Alipanda juu ya kiti, akautoa mrija msumarini, akaupangusa vumbi, akanipa. Neno ni neno.

Niliushika. Ulikuwa mwepesi vilevile. Kile kichujio cha nchani nilichokisuka kwa mkono wangu kilikuwa kizima. Na mate yakanijaa mdomoni, wajukuu, si kwa ajili ya Vumilia. Kwa ajili ya kasiksi. Mdomo wangu haukuwa unafikiria funda moja hata kidogo. Nikapanda kiti mwenyewe, nikautundika.

"Nitaenda bila murija," nikasema. "Akikatala, akatale."

"Basi batu batatu tutaenda," akasema Papa Bulambo.

Kwa hiyo tazameni kituko hiki: mimi, Pascal na Papa Bulambo, watu watatu wasiokunywa, tunapanda milima ya Masisi tumebeba mtungi wa kasiksi tuliopikiwa na jirani, tukipokezana kichwani, kila mmoja akigeuza pua upande ili asinuse. Wachunga ng'ombe walitusimamisha njiani wakaomba kuonja. Tukawapa kwa moyo mkunjufu kuliko watu wowote waliowahi kubeba mtungi. Baba mkwe alipoupokea, ulikuwa umepungua shingo nzima.

Ukoo ulikuwa umekaa uani, na mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Mtungi ukawekwa katikati. Baba mkwe, mkulima mwenye mikono kama mizizi, akachomeka mrija wake, akanionyesha nafasi. "Onja."

"Papa, sina murija. Niliiachaka Walikale. Pombe hii njo ilivunja mukono ya mutoto yako. Barabara ilikuwa bado maji, na mimi nilifungula juu ya mutungi. Sitakunywa tena, hata leo."

Alikuwa hajui. Kumbe Vumilia hakuwahi kumwambia. Alisema tu kamyo iliteleza. Mzee akanitazama muda mrefu, shingo imevimba.

"Unakuja kuniambia uliua nusu mutoto yangu, na unakatala kuonja? Nani ataonja sasa? Nitajua je kama haina sumu?"

Papa Bulambo alifungua mdomo, akaufunga.

Vumilia akatoka jikoni. Wanawake hawakukaribia mtungi wa upatanisho, ilikuwa mambo ya wanaume. Alipita kati ya wajomba zake, akapiga magoti, akaushika mrija wa baba yake kwa mkono wa kuume, ule usionyooka, kwa hiyo ilimbidi ageuze bega lote ndipo mdomo uufikie. Akavuta funda moja. Akameza.

"Haina sumu, Papa," akasema. "Ile yake nimeshaikunywa mimi. Weye kunywa ya kwako."

Mzee aliushika mrija wake. Kisha akainama, akanywa. Alipoinua kichwa macho yalikuwa na maji, na alisema ni moshi wa jikoni. Miaka yote niliyoishi na Vumilia, hadi alipotangulia, nilimshukuru kwa funda lile, na kila mara alinijibu kwamba lilikuwa chachu na kwamba jirani yangu hajui kupika.

Bado kidogo, msiondoke.

Pascal alikuwa ameacha kamyo barabarani. Tukashuka, tukapakia mizigo, Vumilia na mtoto wakapanda juu. Tulifika bariere yangu alasiri. Jua lilikuwa limewaka, barabara inang'aa. Mwenzangu wa zamu alipomwona Vumilia alifurahi, akakimbia kuinua mti, kwa heshima. Mbele ulikuwa mteremko uleule na kona ileile, na chini yake nyumba yangu, ambayo nilikuwa nimeifagia siku tatu mfululizo.

Kutoka juu ya mizigo Vumilia aliutazama mteremko. Kisha akainama, akauliza: "Papa Neema, barabara imekauka?"

Nilimwambia mwenzangu alaze mti. Nikatembea hadi mwanzo wa mteremko, nikakanyaga kwa kisigino, nikachota udongo, nikauviringisha kati ya viganja. Niliomba ukatike, Mungu anajua jinsi nilivyotaka kufika nyumbani. Ukatoka kamba, ndefu, laini, haikatiki. Nikarudi nayo mkononi, nikamwonyesha.

"Bado," nikasema.

Aliitazama ile kamba, akanitazama mimi. Akamfungua Neema mgongoni, akanishushia nimshike, kisha akashuka mwenyewe, akaketi kando yangu kwenye kibanda. Tukangoja.